Siri ya nyumba ya Forger aijuaye Anya

Pete ya ndoa ya Yor Briar ni pini ya bomu la mkono. Usiku huo yeye na mposaji wake wamejibanza kwenye kichochoro, kando ya pipa la taka, risasi zinapita, na pete ya kawaida haipo. Mwanamume anachomoa pini, anamvisha mwanamke kidoleni, bomu lenyewe analirusha kwa wanaowafukuza, na moshi unapotulia ndoa imeshafungwa. Hakuna mshenga, hakuna mahari, hakuna shahidi. Bi harusi ameambiwa kwamba hao wenye bunduki ni wagonjwa wa akili wanaotibiwa na mposaji wake, ambaye ni daktari, naye ameamini. Bwana harusi ameshuhudia mwanamke huyu mpole akimlaza mtu mzima kwa teke moja, akaelezwa kwamba ni mbinu za kujihami tu, naye akaridhika.

Ndivyo familia ya Forger inavyoanza katika Spy × Family, hadithi ya Kijapani ambayo tangu ilipogeuzwa anime mwaka 2022 imewapa mashabiki wake mambo ya kubishania hadi usiku wa manane. Kwa asiyeijua: kuna nchi mbili jirani, Westalis na Ostania, zilizowahi kupigana vita na sasa zinatazamana kwa jicho la pembeni. Westalis imempeleka jasusi wake hodari, anayejulikana kwa jina la Twilight, katika mji wa Berlint ulioko Ostania. Kazi yake ni kumkaribia Donovan Desmond, mwanasiasa mwenye chuki na Westalis anayehofiwa kuwa atachochea vita upya. Desmond si mtu wa kuonekana hovyo. Huhudhuria hafla za wanafunzi bora na wazazi wao katika Eden, shule ya wakubwa anakosoma mwanawe, na basi. Kwa hiyo jasusi anahitaji mtoto wa kumwandikisha Eden, na shule inataka kuona baba na mama.

Anajiita Loid Forger, daktari wa magonjwa ya akili. Anamchukua Anya kutoka kituo cha yatima, kisha anamuoa Yor, karani wa ofisi za jiji. Yor anaficha kwamba usiku ni muuaji wa kukodiwa. Amekubali ndoa ya bandia kwa sababu ana miaka 27 na hajaolewa, na Berlint mwanamke wa namna hiyo huanza kunong'onwa. Jirani mmoja akienda kumripoti, polisi wa siri wanabisha hodi. Anya naye husoma mawazo ya watu. Mume na mke hawajuani. Mtoto anawajua wote wawili, na wote wawili hawajui kwamba anajua.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba hii kata ni kabinti kalikosema kana miaka sita, wakati kwa umbo na kwa akili huenda kana minne au mitano. Nimesikiliza ubishi mwingi kuhusu hadithi hii, na karibu wote huanzia kwa wazazi: nani atamgundua mwenzake kwanza, nani atampiga nani, watapendana kweli au hawatapendana. Mimi naona hadithi hii ni ya Anya. Vichekesho vyote, na uchungu uliofichwa chini yake, vinatokana na mtoto mmoja kujua mambo ambayo watu wazima wanadhani wamemficha.

Mtunzi ni Tatsuya Endo, aliyezaliwa mwaka 1980. Kabla ya hadithi hii alikuwa mtunzi wa giza. Kazi yake ya kwanza ndefu, Tista, ilihusu msichana muuaji, na haikuwa na kicheko. Hadithi zake mbili za mwanzo zilichapishwa, zikaisha, hazikuvuma. Tarehe 25 Machi 2019 akaanza Spy × Family katika Shōnen Jump+, programu ya simu ya kampuni ya Shueisha, akiwa chini ya mhariri Shihei Lin, mtu yuleyule aliyesimamia Chainsaw Man. Tangu hapo vitabu vyake vimepita nakala milioni 30. Anime ilianza Aprili 2022, ikitengenezwa kwa ubia wa studio mbili, Wit Studio na CloverWorks. Filamu ya sinema ikafuata Desemba 2023, na msimu wa tatu Oktoba 2025. Wengi wa watazamaji wake wa Dar es Salaam na Nairobi huifuata kwenye simu, masikio yakisikia Kijapani na macho yakisoma Kiingereza, kisha ubishi wenyewe unafanyika kwa Kiswahili.

Mwenye jicho la mpangilio wa nyumba atazame majalada ya vitabu. Mhusika wa kila jalada ameketi kwenye kiti cha kisasa cha mbunifu mashuhuri. Kwenye la kwanza Loid amekaa kwenye LC2, kile kiti cha ngozi nyeusi na mabomba ya chuma kilichobuniwa mwaka 1928 na Le Corbusier pamoja na wenzake. Mahali pa hadithi pamebuniwa, lakini samani zake ni za kweli, na ndivyo ilivyo karibu kwa kila kitu humo.

Turudi kwenye ubishi. Swali linalowagawa mashabiki zaidi ni lini siri itafichuka. Kundi moja limechoka. Linasema hadithi imekwama: mwaka nenda mwaka rudi Loid, jasusi anayeweza kutambua mtu aliyejibadilisha sura kwa jinsi anavyotembea, hashtuki mkewe akirudi nyumbani na tone la damu mkononi. Huu ni uvivu wa mtunzi, wanasema, kama tamthilia zile ambazo mama mkwe huchukua sehemu mia tatu kugundua kwamba mtoto si wa mwanawe. Kundi la pili linajibu kwamba upofu huo ndio hoja yenyewe. Loid haoni kwa sababu hataki kuona. Amefundishwa kumshuku kila mtu, na nyumbani amepata mahali ambapo kushuku kungemharibia kazi, na polepole kungemharibia kitu kingine ambacho bado hajakubali kukitaja hata moyoni.

Niko na kundi la pili, ila naongeza jambo ambalo makundi yote mawili hulipita. Ukifikiria kufichuka kwa siri kama tukio la mbeleni, umesahau kwamba ilishafichuka tangu sehemu ya kwanza. Yupo mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua yote na amechagua kukaa. Kwa nini amekaa?

Ili kuona jinsi Endo alivyolipindua jambo hili, tuangalie watoto wa majasusi wa kweli. Mwaka 1956 mume na mke, Günter na Christel Guillaume, walihamia Ujerumani Magharibi wakijifanya wakimbizi kutoka Mashariki. Walikuwa wametumwa na Stasi, shirika la usalama la Ujerumani Mashariki. Wakajenga maisha, wakazaa mtoto wa kiume, wakajiunga na chama cha siasa, na Günter akapanda ngazi hadi kuwa msaidizi wa Kansela Willy Brandt. Aprili 1974 polisi waligonga mlango wao alfajiri. Guillaume akatamka palepale kwamba yeye ni ofisa wa Ujerumani Mashariki. Mwezi uliofuata Brandt alijiuzulu. Kijana wao, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi, hakuwa akijua lolote. Alimjua baba kama mwanachama mwaminifu wa chama chake.

Kisa cha karibu zaidi ni cha Ljubljana, Slovenia. Artem Dultsev na mkewe Anna waliishi huko kama raia wa Argentina, yeye na biashara ya kompyuta, mke na duka la sanaa la mtandaoni. Walikamatwa Desemba 2022. Tarehe 1 Agosti 2024 walirudishwa Moscow katika ule mpango mkubwa wa kubadilishana wafungwa uliofanyika kupitia Ankara. Msemaji wa Kremlin alisema watoto wao wawili waligundua kwamba wao ni Warusi ndege ilipokwisha kuruka. Walipotua, Rais Putin aliwasalimia kwa Kihispania, kwa kuwa Kirusi hawakukijua.

Fikiria vizuri hilo. Mtoto anapanda ndege akiwa Mwargentina na anashuka Mrusi. Lugha aliyobembelezwa nayo ilikuwa sehemu ya kazi ya baba. Katika visa vyote hivi mtoto ndiye wa mwisho kujua, na akishajua inambidi arudi nyuma kupekua kila busu na kila siku ya kuzaliwa akijiuliza lipi lilikuwa la kweli.

Anya amepewa kile ambacho watoto hao walinyimwa. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba baba amemchukua kwa ajili ya kazi. Amesikia Loid akiwaza kwamba kazi ikiisha atamrudisha alikotoka. Lakini pia amesikia yale mengine ambayo Loid mwenyewe huyafukuza: kwamba amekasirika mtoto alipotekwa, kwamba aliingia kwenye kazi hii ya ujasusi ili dunia iwe mahali ambapo mtoto hana sababu ya kulia. Mtu mwingine yeyote angelazimika kuhukumu kwa matendo na maneno, ambavyo vyote jasusi huvighushi. Anya anasoma kitu ambacho hakighushiki. Kwa hiyo hakai kwa ujinga. Amepima, akaamua kwamba upendo wa uongo wa mtu huyu una ukweli zaidi ndani yake kuliko nyumba zote zilizowahi kumchukua na kumrudisha.

Na ananyamaza kwa hofu. Hili mashabiki wanaomwona Anya kama kikaragosi cha kuchekesha, nywele za pinki na macho makubwa na mdomo uliojaa karanga, hulisahau. Alitoroka kwenye maabara alikofanyiwa majaribio akiitwa kwa namba. Anaamini kwamba wakijua anasoma mawazo watamfukuza. Kwa hiyo kila msaada anaoutoa lazima aufiche. Kuna sehemu ambayo mbwa wao Bond, mwenye kipaji cha kuona yajayo, anaona Loid akifa kwa bomu lililotegwa mlangoni. Anya anayaona hayo kichwani mwa mbwa. Hawezi kulitegua bomu, na hawezi kumwambia baba amejuaje. Anachukua kechapu, anaandika onyo sakafuni mbele ya ule mlango, na kukimbia. Loid anafika, anaona kechapu, anasita, anapona. Mpaka leo hajui ni nani aliyemwokoa. Mtoto wa shule ya msingi amemwokoa jasusi bora wa nchi nzima kwa chupa ya kechapu.

Kwa watazamaji wa huku kwetu sidhani kama jambo hili ni geni sana. Nyumba nyingi zimelea mtoto wa ndugu, mtoto wa jirani aliyefariki, mtoto aliyekuja na mama. Watu wazima hukaa sebuleni wakiteta kwa mafumbo juu ya ada yake na nani atamchukua likizo, wakidhani mtoto aliyelala mkekani hasikii. Anasikia. Asubuhi anaamka mapema kuliko wote na kuosha vyombo bila kutumwa.

Ubishi wa pili unamhusu Yor, na hapa nawaunga mkono wanaolalamika. Anime humtumia mama huyu kwa mambo mawili: kupigana na kuunguza chakula. Ana nguvu za kusimamisha gari, hajui kupika, na akilewa ni hatari kwa samani. Kicheko cha namna hiyo huchakaa. Ndiyo maana sehemu za meli ya kifahari katika msimu wa pili zinapendwa sana na mashabiki wake: Yor anapewa kazi ya kumlinda mwanamke na mtoto wake mchanga dhidi ya wauaji, na kwa mara ya kwanza anajiuliza kwa nini bado anaua. Alianza akiwa msichana, wazazi wamekufa, ana mdogo wake wa kumlisha. Mdogo huyo sasa ana kazi na mshahara. Jibu analolipata, kwamba anataka watu anaoishi nao waendelee kuishi kwa amani, halitamridhisha mwalimu wa maadili, lakini ni jibu la mtu anayefikiri. Natamani Endo angempa nafasi hiyo mara nyingi zaidi.

Na ipo sehemu ndogo, isiyo na damu, inayomweleza vizuri kuliko vita vyote. Yor anaomba mfanyakazi mwenzake, yuleyule aliyewahi kumsengenya, amfundishe kupika. Vidole vinakatika, sufuria zinaungua. Mwishowe anafanikiwa kupika mchuzi mmoja tu, ule wa kwao alioupika mama yake. Loid na Anya wanakula wakiwa tayari kwa mabaya, na chakula ni kizuri. Basi. Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo.

Ubishi wa tatu ni mzito, nao unamhusu yule mdogo wake Yor, Yuri. Ni kijana mwenye sura nzuri anayemwabudu dada yake kiasi cha kuchekesha, na kazi yake ya siri ni polisi wa siri wa Ostania. Katika msimu wa kwanza tunamwona akimhoji mtumishi wa serikali aliyevujisha habari. Anazungumza naye kwa upole, kisha anampiga. Baada ya hapo anakwenda kula chakula cha jioni kwa dada yake na maua mkononi, na sisi tunacheka jinsi anavyolewa. Kuna mashabiki wanaosema hapo anime imevuka mpaka, kwamba haifai kumfanya mtesaji kuwa mjomba wa kuchekesha.

Wanaosema hivyo wana sababu, kwa maana Ostania haijatoka hewani. Berlint ni Berlin iliyoongezwa herufi moja. Magari, makoti na simu ni za miaka ya 1960, na polisi wa Yuri wamechorwa kutoka kwa Stasi. Shirika hilo liliundwa mwaka 1950, na lilipoanguka mwaka 1989 lilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu kama milioni 16, bila kuhesabu wapasha habari wa mitaani ambao walikuwa zaidi ya 170,000. Majalada waliyoacha yakipangwa kwa mstari yanafika kilomita 111. Katika majalada hayo wapo walioripotiwa na jirani, na wapo walioripotiwa na mume au mke. Ndoa ya Loid na Yor ikitazamwa kutoka humo si kichekesho hata kidogo. Markus Wolf, aliyeongoza ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki kwa zaidi ya miaka 30, alijulikana kwa mbinu ya kuwatuma wanaume watanashati kwenda kuwapenda makatibu muhtasi wa ofisi za serikali ya Ujerumani Magharibi huko Bonn. Baadhi ya wanawake hao walifungwa kwa ajili ya mapenzi ambayo kwa upande wa pili yalikuwa kazi.

Wolf huyohuyo ameandika katika kumbukumbu zake kuhusu safari yake ya Zanzibar mwaka 1964, muda mfupi baada ya Mapinduzi, kusaidia kuanzisha idara ya usalama. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki kidiplomasia, jambo ambalo Ujerumani Magharibi haikulivumilia, na baada ya Muungano mvutano huo ulimwangukia Mwalimu Nyerere. Mwaka 1965 Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa imeruhusu ofisi ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, naye Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Maghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki bado yana wapangaji. Kwa hiyo kijana wa Unguja anayemtazama Yuri akivaa ile sare yake hatazami nchi ya mbali ya kubuni kama anavyodhani. Bibi yake anaweza kukumbuka walimu wa watu wa aina hiyo wakipita barabarani.

Je, basi Endo amekosea? Mimi sidhani. Angemchora Yuri kama jini tupu, tungepumua tukijua kwamba watesaji ni aina nyingine ya viumbe. Kinachotisha ni kwamba mtu huyu anampenda dada yake kwelikweli, analeta maua, anamsaidia Anya masomo, na kesho anarudi kazini. Polisi wa siri wa kweli walikuwa na dada pia. Ila nakubali kwamba muziki wa vichekesho ukilia haraka mno baada ya kipigo, mtazamaji wa miaka kumi na miwili hapati nafasi ya kuwaza hayo.

Kuhusu shule ya Eden nina machache, ingawa Wajapani wenyewe nadhani ndipo wanapocheka zaidi. Ujerumani wa hadithi hii unaishia kwenye geti la shule. Ndani yake ni Japani tupu. Huko kuna shule za msingi za kulipia zinazochuja watoto wa miaka sita kwa mtihani na usaili wa familia, na wazazi huenda wamevaa suti za bluu iliyokoza hadi kuna maduka yanayouza suti za siku hiyo tu. Familia ya Forger inafika kwenye usaili ikiwa imechafuliwa mara mbili njiani, na mara zote baba ana nguo za akiba. Kisha mmoja wa wasaili anamuuliza Anya ni mama yupi anampenda zaidi, huyu wa sasa au yule wa zamani. Mtoto anaanza kulia. Loid, ambaye kwa kazi hii angeweza kutabasamu mbele ya kikosi cha kumpiga risasi, anaipiga meza ngumi ikavunjika, anasema palikuwa na mbu, na kuondoka na familia yake. Amehatarisha usalama wa nchi mbili kwa sababu mtoto wa bandia amelia. Wazazi wa Kijapani waliowahi kupita kwenye vyumba vile wakilipenda tukio hilo, sitashangaa.

Vita viko chini ya kila kitu humu. Kuna kundi la wanafunzi wa chuo kikuu wanaopanga kumuua waziri wa Westalis ili vita vianze, na mkuu wa Loid, Sylvia Sherwood, anakaa mbele yao na kuwauliza taratibu kama wamewahi kuua mtu, kama wanajua harufu na njaa ya vita. Sauti yake haipandi. Yeye aliwahi kuwa na mtoto. Na baadaye tunaoneshwa utoto wa Loid: kijana mdogo anayemdanganya baba yake apate pesa, halafu anakwenda kununua vifaa vya kuchezea vita na wenzake. Mabomu yanafika kabla hajapata nafasi ya kuungama. Uongo wa kwanza wa bwana mwongo mkuu ulikuwa wa kitoto, na hakupata wa kumwomba msamaha. Anayeijua sehemu hiyo akirudi kutazama ile ya kwanza, ambapo Loid anamkasirikia Anya kwa kuchezea vitu vyake, anaona mambo ambayo hakuyaona.

Filamu ya 2023, kwa maoni yangu, inaweza kurukwa. Imechorwa vizuri, na chakula kinachopiganiwa humo kinatia njaa, lakini haigusi hata moja ya mambo haya.

Kimebaki kitu kimoja ambacho mashabiki hukihesabu kwa vidole. Ili Anya awe mwanafunzi bora na baba apate mwaliko wa kukutana na Desmond, anahitaji nyota nane za Stella. Radi nane za Tonitrus zinamfukuzisha shule. Siku ya kwanza alimtandika ngumi Damian, mtoto wa huyo Desmond, akaambulia radi. Nyota yake ya kwanza haikutoka darasani. Alisikia mawazo ya mtoto aliyekuwa akizama kwenye bwawa la hospitali, akaruka kumwokoa. Darasani ni balaa. Ulipofika mtihani Loid aliingia shuleni kwa siri kurekebisha alama kama amefeli, akakuta amepona chupuchupu.

Sasa angalia mtego alioutega Endo. Kazi ikifanikiwa, vita vimezuiwa, na familia haina sababu ya kuwepo. Ikishindikana, familia pia inavunjwa. Anayependa amani ya Ostania na Westalis anapaswa kumwombea Anya apate nyota, na anayempenda Anya anapaswa kumwombea asizipate upesi. Yeye mwenyewe anataka vyote viwili, kwa hiyo usiku anakaa na baba mezani, anafungua daftari, anakosa jibu la kujumlisha, na kulala juu ya kitabu. Wapo mashabiki wanaofurahi waziwazi kila anapofeli. Kwa mwendo wake wa hesabu, ndoa hii bado ina miaka.